Mzigo upimwe unapopakiwa

Lori la mchanga likitoka machimboni husimama getini dakika moja au mbili. Mkusanya ushuru wa halmashauri hutazama namba, hupokea malipo, hubonyeza mashine ya POS na kutoa risiti. Kizuizi kinainuliwa. Mchanga umefanya kichuguu juu ya bodi, maji yanachuruzika kwenye mlango wa nyuma, tairi zimebonyea, na barabara iliyo mbele ni ya udongo, yenye kalavati dogo ambalo kijiji kilisubiri miaka kulipata. Hakuna aliyeuliza uzito. Katika dakika hizo mbili serikali ilikuwa karibu na mzigo, na mwenye mzigo, na mpakiaji, kuliko itakavyokuwa tena katika safari nzima, na ikawaacha waende kwa sababu risiti ilishatoka.

Nasema wazi kwamba udhibiti wa uzito wa malori nchini Tanzania tumeuweka mahali pasipotosha. Tumeuweka kwenye barabara kuu, mamia ya kilomita kutoka pale mzigo ulipopakiwa, na tumemwachia dereva peke yake auwajibikie. Wakati huohuo barabara za wilaya, ambazo ndizo dhaifu kuliko zote na ndiko mzigo mwingi wa nchi hii unakoanzia safari, kwa sehemu kubwa hazina mizani, wala mkaguzi, wala mtu ambaye kazi yake ni kusema lori hili limezidi. Mamlaka za serikali za mitaa zinaweza kuziba pengo hilo bila kusubiri mabilioni ya mizani mpya, kwa sababu tayari zina watu wao mahali mzigo unapopakiwa. Wamesimama getini wakikusanya ushuru.

Kwenye barabara kuu kazi kubwa imefanyika, na ni haki kuitaja. Tanzania inafuata Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilianza kutekelezwa hapa mwaka 2019. Sheria hiyo inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima lenye ekseli saba pamoja na mzigo wake, na inagawa ukomo kwa ekseli: tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizoshikana, tani 24 kwa tatu. Wakala wa Barabara, TANROADS, una mizani katika njia zote muhimu, kuanzia Vigwaza na Mikese hadi Wenda, Njuki, Nyakahura na Mpemba karibu na Tunduma. Pale Vigwaza lori hupimwa likiwa katika mwendo, na lile tu linaloonekana kuzidi huitwa kwenye mizani ya kusimama. Msafirishaji wa makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo anajua kwamba akizidisha atalipa, atashusha au atapanga upya mzigo wake. Ukweli huo peke yake umebadilisha tabia za kampuni nyingi kubwa.

Lakini TANROADS inasimamia kilomita takriban 37,000 tu. Barabara za wilaya, ambazo tangu Julai 2017 ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, zinazidi kilomita 144,000. Katika kila kilomita tano za barabara zinazotambuliwa rasmi nchini, karibu nne ni za TARURA, na sehemu kubwa ya hizo ni udongo mtupu. Mitaa mingi ina kibao kinachokataza gari linalozidi tani 10. Kibao hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Hakina askari wala mizani nyuma yake, na kila dereva wa tipa anafahamu hivyo. Wengine wamefika mbali zaidi: hutumia barabara hizohizo za wilaya kama njia za panya za kukwepa mizani ya barabara kuu, hivyo uzito uliofukuzwa kwenye lami nene unahamia kwenye kifusi. Kadiri mizani ya barabara kuu inavyokaza, ndivyo barabara ya kijiji jirani inavyobebeshwa.

Ili kuona ukubwa wa madhara tunahitaji hesabu kidogo, na naomba msomaji avumilie, maana hoja yote imesimama hapa. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga vipande vya barabara vya majaribio na kuviendeshea malori yenye uzito tofauti kwa takriban miaka miwili. Waligundua kwamba uharibifu wa barabara haupandi sambamba na uzito wa ekseli. Unapanda kwa kipeo cha nne, au karibu na hapo. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibeba 12, uzito umeongezeka kwa sehemu moja ya tano, lakini uharibifu umezidi mara mbili. Ikibeba 13, uharibifu unakaribia mara tatu. Kanuni hiyo ilitokana na barabara zilizosakafiwa. Kwenye barabara ya udongo mambo ni ya kikatili zaidi na hayahitaji hesabu: udongo ukilowa, tairi zito linazama, linachimba mfereji, mfereji unashika maji, na lori linalofuata linamalizia kazi.

Sasa tuchukue tipa la ekseli tatu, la aina inayosomba mchanga na kokoto kila siku kati ya Pwani na Dar es Salaam. Ukomo wake kisheria ni tani 26: nane mbele, kumi na nane nyuma. Likiwa tupu lina uzito wa takriban tani 12, kwa hiyo linaruhusiwa kubeba mzigo wa tani 14. Bodi yake ikijazwa hadi kichuguu huchukua kama mita 12 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu tani 1.6, na ukiwa umelowa inafika 1.9 au zaidi. Zidisha: mchanga mkavu unakaribia tani 19, uliolowa karibu tani 23. Lori lililoruhusiwa tani 26 linatoka getini na tani 35. Kwa kuwa mzigo mwingi unakalia nyuma, ekseli mbili za nyuma zilizopaswa kubeba tani 18 zinabeba kama 27, yaani mara moja na nusu. Ukipandisha hiyo kwa kipeo cha nne unapata tano. Safari moja ya lori hilo inakula maisha ya barabara sawasawa na safari tano za lori lililopakia kwa kipimo.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ninalolisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu makini: kwamba lori likipunguziwa mzigo litalazimika kufanya safari nyingi zaidi, na safari nyingi zitaharibu barabara zaidi. Linasikika kuwa na mantiki, lakini hesabu inalikataa. Tani 23 zilizobebwa kwa mkupuo zinaharibu sawa na safari tano za halali. Tani hizohizo zikibebwa kwa tani 14 kila mara zinahitaji safari moja na sehemu kidogo zaidi ya nusu. Hata ukijumlisha lori linaporudi tupu, ambalo madhara yake kwa barabara ni madogo mno, bado barabara imeokolewa kwa karibu theluthi mbili. Hakuna matengenezo ya greda, hata yafanywe kwa uaminifu wa namna gani, yanayoweza kuipa barabara nafuu ya kiasi hicho kwa gharama ndogo kama kutojaza.

Mchanga si mzigo peke yake. Mkulima wa viazi wa Njombe anaijua lumbesa kuliko mwandishi yeyote wa magazeti. Gunia linalotakiwa lisizidi kilo 100 linashindiliwa, linawekewa kilemba, linashonwa kwa kamba juu ya mdomo wake, na mnunuzi analilipia kama gunia moja. Tumezoea kuizungumzia lumbesa kama dhuluma kwa mkulima, na ni dhuluma kweli. Lakini tufuatilie gunia hilo hadi juu ya Fuso. Magunia 70 ya kilo 100 ni tani 7. Magunia yaleyale 70 yakiwa ya kilo 130 ni tani 9 na ushei, na kwenye karatasi ya ushuru bado yameandikwa 70. Mkulima ameibiwa, halmashauri imepunjwa ushuru wake, na barabara imebebeshwa tani mbili zisizo na jina. Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa kwa miaka kama suala la soko. Nadhani ungepata washirika wapya kama TARURA nayo ingeliona gunia hilo kuwa ni suala la barabara, kwa sababu ndivyo lilivyo. Mbao za Mufindi na makaa ya mawe ya Mbinga yanayosafirishwa kwenda bandari ya Mtwara yana hesabu zake tofauti, ila chanzo ni kilekile: mzigo umehesabiwa kwa macho, kwa gunia au kwa tripu, na haukupimwa kamwe pale ulipopandishwa garini.

Nimezungumzia barabara kwanza, lakini barabara haina mama wala watoto. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni wilayani Arumeru, lori lililoelezwa kuwa lilifeli breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Miezi kama minane kabla, tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani nchini Kenya liliwaparamia abiria na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na vifo vikapita 50. Sisemi kwamba malori hayo yalikuwa yamezidisha uzito. Nayataja kwa sababu yanaonyesha lori zito lililoshindwa kusimama hufanya nini linapokutana na watu, na kwa sababu tunajua ni vitu gani vinavyoongeza uwezekano wa lori kushindwa kusimama. Uzito ni kimojawapo. Lori linaposhuka mlima, nguvu yote ya uzito wake lazima ishikiliwe na injini na breki, na kinachobaki kwenye breki hugeuka joto. Tipa la tani 35 linaposhuka mteremko uleule linazalisha joto zaidi kwa theluthi moja kuliko lingekuwa na tani 26. Breki zilizotengenezwa kwa uzito wa halali zinapata moto kupita kiasi, zinapoteza mshiko, na dereva anakanyaga pedali isiyojibu. Madereva wanaoshuka miteremko ya Kitonga na Sekenke wanaliogopa jambo hilo kuliko polisi.

Ajali za namna hiyo zinapata habari ya ukurasa wa kwanza. Zile zinazotokana na barabara iliyokwisha kuharibiwa hazipati. Bodaboda anayekwepa mfereji wa tairi la lori na kuingia upande wa gari linalokuja, mama mjamzito anayebebwa kwa machela kwa sababu gari la wagonjwa haliwezi kupita kalavati lililobomoka, wanafunzi wanaotembea katikati ya njia kwa kuwa pembezoni pamekatika: hao wanaingia katika takwimu, kama wanaingia, bila lori lolote kutajwa. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kila mwaka ulimwenguni, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Katika barabara ya wilaya, hao ndio karibu watumiaji wote.

Kwa nini basi halmashauri, ambayo madiwani wake wanaishi humohumo, inaliacha lori lipite? Nadhani jibu kubwa limo katika namna tulivyogawa majukumu. Kabla ya mwaka 2017 halmashauri ilikuwa inakusanya ushuru na pia kuzitengeneza barabara zake, hata kama kwa kusuasua. TARURA ilipoanzishwa, barabara zilihama, ushuru ukabaki. Kulikuwa na sababu nzuri za kuunda wakala wenye wahandisi na bajeti ya pamoja, na sipendekezi turudi nyuma. Lakini matokeo yake mkono unaopokea fedha za lori hauumwi tena na shimo ambalo lori limeacha. Mkurugenzi hupimwa kwa makusanyo ya mapato ya ndani. Meneja wa TARURA hupimwa kwa hali ya barabara. Na lori linapita katikati yao. Mbaya zaidi, pale ushuru unapotozwa kwa tripu, halmashauri inampa mwenye lori sababu ya kujaza: akilipia tripu moja, mita 8 na mita 12 zina bei moja. Tozo yenyewe inamfundisha kuzidisha.

Hapo ndipo pa kuanzia, na pa kuanzia ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ushuru wa vifaa vya ujenzi utozwe kwa mita ya ujazo, na kila aina ya lori iwe na ukomo wa mita uliokokotolewa na mhandisi wa TARURA kutokana na idadi ya ekseli zake. Kwa tipa la ekseli tatu tulilolipima hapo juu, ukomo huo unaangukia karibu na mita 8, yaani kama theluthi mbili za bodi. Kwa mchanga uliolowa, chini ya hapo kidogo. Ukomo huo upakwe rangi ndani ya bodi kama mstari. Mchanga ukipita mstari, lori halipewi risiti, na bila risiti halitoki. Kijana mwenye koleo anauona mstari. Dereva wa kijiko anauona, na mwanakijiji aliyesimama kando anauona pia. Kwa mchanga, kifusi na kokoto, ambazo ndizo mzigo mkubwa wa barabara za pembezoni mwa miji yetu, hatuhitaji mizani ya mamilioni kujua lori limezidi. Tunahitaji mstari na ujasiri wa kukataa kutoa risiti. Kwa mazao, gunia lipimwe sokoni kwa mizani ambazo sheria ya vipimo tayari inazitaka. Mizani ndogo za kuhamishika, zinazowekwa chini ya tairi, zibaki kwa kazi ya kushtukiza na kwa mizigo kama mbao na makaa ya mawe ambayo macho hayawezi kuipima.

Mamlaka ya kisheria yapo. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na TARURA na halmashauri zote ziko chini ya kivuli kimoja cha TAMISEMI, kwa hiyo waraka mmoja unaweza kuzikalisha meza moja. Leseni za uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini, nayo inafaa ihusishwe, maana mwenye machimbo anayejaza malori kupita kiasi siku baada ya siku hawezi kudai hajui anachofanya. Australia, kupitia sheria yake ya magari mazito iliyoanza kutumika mwaka 2014, imelifuata wazo hilo hadi mwisho: anayetuma mzigo, anayepakia, anayepanga safari na anayepokea, wote wana wajibu kisheria, na dereva ni mmoja tu katika mnyororo huo. Huku kwetu dereva analipwa kwa tripu, mara nyingi bila mkataba, anaambiwa na tajiri kwamba asipojaza kuna mwingine anayesubiri funguo, kisha anakutwa barabarani na kuitwa mkosaji. Kumwadhibu yeye peke yake hakujawahi kupunguza uzito wa bodi hata kwa koleo moja.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Lori likibeba mita 8 badala ya 12, gharama ya kusafirisha kila mita itapanda, na kwa wale waliokuwa wakijaza kupindukia inaweza kupanda kwa nusu. Mtu anayejenga chumba kimoja kimoja huko Chanika au Mbande ataliona ongezeko hilo, na mwandishi anayelificha anadanganya. Lakini tuulize nani analipa sasa. Tangu Julai 2021 kila lita ya mafuta ina shilingi 100 zilizoongezwa kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bodaboda anazilipa, daladala inazilipa, mwenye mashine ya kusaga anazilipa, na nauli na bei ya unga vinazibeba. Mtu yuleyule anayejenga chumba kimoja analipa hizo shilingi 100, analipa springi na bushi za daladala inayompeleka kazini, na masika yakija analipa bodaboda mara mbili kwa sababu njia haipitiki. Unafuu wa bei ya mchanga anaopewa kwa mkono mmoja unachukuliwa kwa mikono mitatu, na jirani yake asiyejenga chochote analipa bila hata kupata mchanga. Bei inayopanda kwa uwazi, kwa anayenunua mzigo, ni ya haki kuliko bei iliyofichwa kwenye mafuta ya kila mtu. Zaidi ya hapo, mwenye lori anayefuata kipimo leo ndiye anayeshindwa sokoni, kwa kuwa mshindani wake anauza kichuguu kwa bei ya tripu. Sheria ikisimamiwa kwa wote, huyo mwaminifu ndiye wa kwanza kupata nafuu, na tairi zake zitadumu.

Tunalo funzo la jinsi jambo hili linavyoweza kuharibika kisiasa. Oktoba 2013, John Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi aliagiza kuondolewa kwa msamaha wa uzito uliozidi kwa hadi asilimia 5 kwenye mizani. Wenye malori na mabasi waligoma, usafiri ukakwama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasitisha agizo. Wapo wanaolikumbuka tukio hilo kama ushahidi kwamba wasafirishaji hawagusiki. Mimi nalisoma vingine. Agizo lilikuja kwa wasafirishaji wenyewe barabarani, malori yakiwa yameshapakia, bila kumgusa mwenye mzigo aliyepakia. Mapambano yote yakawa kati ya dereva na mizani, na nchi nzima ikasimama katikati. Ukomo unaowekwa machimboni na sokoni, ukatangazwa miezi kadhaa kabla, ukaanzia kwa anayepakia, hauna haja ya kusimamisha lori lolote njiani. Lori ambalo halijajazwa halina cha kugomea.

Kuhusu rushwa sina jibu jepesi. Kila kizuizi kipya barabarani ni mfuko mpya, na wananchi wana sababu ya kuogopa. Ndiyo maana sipendekezi kizuizi kipya hata kimoja. Geti la ushuru lipo na risiti ya POS ipo; kinachokosekana ni kuandika juu ya risiti hiyo namba ya gari, idadi ya ekseli na mita zilizopakiwa, ili lori likikutwa mbele na mzigo mkubwa kuliko risiti, ijulikane mara moja ni geti gani liliuachia na ni nani alikuwa zamu. Leo lori lililozidi likikamatwa, hakuna namna ya kumfikia aliyelipakia wala aliyelifungulia. Risiti yenye vipimo inamwacha kila mmoja na jina lake. Serikali ya kijiji nayo ipewe nakala, kwa sababu hakuna mkaguzi mwenye uchungu kuliko mtu ambaye barabara inayobomolewa ndiyo njia yake ya zahanati. Watoa rushwa watatafuta mianya, bila shaka, lakini kudanganya mstari wa rangi mchana kweupe mbele ya kijiji kizima ni kazi ngumu kuliko kumaliza mambo na mtu mmoja usiku kando ya lami.

Wapo pia wanaosema barabara zetu zinakufa kwa sababu zinajengwa vibaya: mitaro haichimbwi, kifusi ni chembamba, mkandarasi amelipwa kwa kazi nusu. Wana haki, na wasiache kusema. Maji ni adui wa kwanza wa barabara ya udongo, na hakuna ukomo wa uzito utakaookoa njia isiyo na mtaro. Lakini hoja hii mara nyingi hutumika kuhalalisha kutofanya lolote kuhusu malori, na hapo inakuwa mbaya. Barabara ya changarawe iliyojengwa vizuri kabisa huweza kuharibiwa na matipa yaliyojazwa ndani ya msimu mmoja wa mvua, na barabara hafifu isiyopitiwa na uzito wa ziada huweza kuhudumia kijiji kwa miaka. Tena ubovu wa barabara ndio sababu kubwa zaidi ya kuipunguzia mzigo, kama vile hatumtwishi gunia mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kitandani. Halmashauri na TARURA zinaweza kwenda hatua moja mbele na kufunga njia fulani kwa malori makubwa katika wiki za mvua nzito, kwa tangazo la mapema, ili wenye viwanja na wajenzi walimbikize mchanga wakati wa kiangazi. Wajenzi wengi wenye uzoefu hufanya hivyo tayari kwa hiari yao, maana wanajua masika lori litakwama.

Halmashauri zenye machimbo, kuanzia Mkuranga na Kisarawe hadi Chalinze ambako kokoto za Lugoba huanzia safari, ndizo ningependa zianze, kwa kuwa zina malori mengi, zina ushuru mkubwa wa kupoteza au kuokoa, na wananchi wake wanaona kwa macho yao kila siku tofauti kati ya barabara ya machimboni na ile ambayo tipa halipiti. Sheria ndogo inahitaji kupita kwenye vikao vya kata, baraza la madiwani, mkoa na TAMISEMI, na safari hiyo huchukua miezi. Diwani anayetaka mstari uwe umepakwa kabla ya mvua za Machi anapaswa kuuliza swali lake kwenye kikao cha robo hii: mwaka jana tulikusanya shilingi ngapi kwa malori ya mchanga, TARURA ilitumia shilingi ngapi kurudishia njia yalizopita, na kiasi gani cha hiyo ya kwanza kilikwenda kulipia hiyo ya pili?